Vifuko vya viungo na mito ya sufi: harufu inakimbia na ukungu unaingia, mnafanyaje?

bintMfenesini:
Assalaam aleikum wanajamvi. Mie nashona nyumbani, foronya na mashuka ya harusi ndio kazi yangu. Sasa kuna mtu ana duka la wageni kule Shangani kakiona kifuko nilichotia karafuu na mdalasini kwa ajili ya kabati langu, kanambia nimshonee vya kuuza, na mito midogo ile ya kuweka karibu na kichwa, ndani majani yanayonukia. Mwanzo alitaka lavenda, ati wageni ndio wanayoijua, nkamwambia lavenda hapa inakuja kwenye paketi kutoka nje, bei haishikiki, na mtu katoka kwao Ulaya mpaka Unguja umuuzie tena harufu ya kwao? Kakubali tutumie vya kwetu ila sharti vinukie, visiwe vya kunukia wiki moja halafu vikawa majani tu.

Sasa ndio nna maswali. Langilangi nkizianika zinakuwa nyeusi na harufu inapotea yote, asmini ndo usiseme, jioni zinanukia nyumba nzima asubuhi ya pili takataka. Na kuna vifuko vya masika vingine vimeota ukungu ndani ingawa nje kitambaa kikavu kabisa. Kwenye video za wazungu wanasema tia chumvi ya mawe na unga wa mzizi wa airisi, huo mzizi hapa hata sijui nimuulize nani.

Halafu mto, nijaze sponji au sufi ile ya mti wa msufi? Sufi skuhizi inapatikana wapi? Na karafuu kwenye mto kiasi gani, maana mume wangu kaulalia ule wa majaribio kaamka kichwa kinamgonga, hataki hata kuusikia.

nahodha_wa_daladala:
Nunua perfyumu ya Darajani upulizie, kazi imekwisha 😂😂

bintMfenesini:
@nahodha_wa_daladala wee endesha gari yako tafadhali

MzeeMakonyo:
Waaleikum salaam mwanangu. Mie niko Wete, Pemba, karafuu nimezaliwa nazo, hebu nikupe ninayoyajua halafu wenye sindano watakwambia ya kushona.

Kwanza langilangi na asmini ziache. Si kwamba unakosea kuanika, maua yale harufu yake ni nyepesi mno, inaruka na maji yake, ua likikauka na mafuta yameshakwenda. Ndo maana langilangi wanachuma asubuhi mapema na kupeleka kwenye mtambo siku hiyohiyo, hawangoji. Na asmini ndo maana wanawake wanaitunga jioni ikavaliwa usiku huohuo, au ikamwagwa kitandani kwa maharusi, haikuwekwa sandukuni hata siku moja. Ukitaka kuuza asmini uza kikuba, asmini na mkadi na mrehani, kibichi, siku ileile. Kifuko ni cha vitu vyenye mafuta mazito yaliyojificha ndani ya gamba, gome na mbao. Karafuu, mdalasini, iliki, kungumanga, ganda la chungwa, sandali.

Karafuu kavu iliyokaushwa vizuri karibu asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wake ni mafuta, na mengi ya mafuta hayo ni eujenoli, ndo ile inayowasha ulimi na inayofukuza wadudu. Sasa fikiria umejaza mto mzima kitu kama hicho, mume atakosa kuumwa kichwa? Karafuu ni ya kabatini. Kwenye mto tia chembe chache tu, za kuhesabu, au usitie kabisa utie majani ya mdalasini, jani la mdalasini likikauka ukilifikicha linakaribia harufu ya karafuu maana lina mafuta ya namna hiyohiyo, ila ni pole zaidi. Watu wengi wanachukua gome majani wanatupa, waombe wenye mashamba huko Kizimbani watakupa gunia.

Na kuna makonyo, vile vijiti vinavyobaki ukishachambua karafuu. Mafuta yake ni kidogo, asilimia 5 au 6 hivi, ndo yale yanayopelekwa kiwanda cha Wawi kule Chake kukamuliwa. Kwa kifuko makonyo yanafaa sana, bei ndogo, na hayapaki rangi kitambaa kama karafuu. Lakini mwanangu tahadhari, karafuu na makonyo yana sheria zake, mnunuzi ni ZSTC, lile shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, usije ukamwagiza mtu akuletee kipolo kutoka Pemba kimyakimya kwenye meli ukaitwa mtu wa magendo. Nenda afisini kwao uwaambie unataka za kazi ya mikono, au nunua zilizofungwa za dukani.

Ukungu: hukukausha. Unadhani umekausha lakini hukukausha. Hewa yetu ina maji, jani lililokauka saa nane mchana likiachwa nje mpaka magharibi limeshavuta umande. Anika juu ya jamvi, si chini kwenye saruji wala lami, majani yaanike kivulini penye upepo, karafuu na maganda juani, alaasiri kabla jua halijashuka ingiza ndani ufunge kwenye ndoo yenye kifuniko. Jani lazima livunjike, likijikunja bado. Karafuu uivunje kwa vidole uisikie inalia. Na masika usifunge kifuko chochote, mwezi wa tatu mpaka wa tano shona vitambaa tu uweke, viungo ujaze kaskazi ikivuma au kipupwe.

fundi_foronya:
Mzee kasema kweli tupu, mie naongeza ya upande wangu maana nashona mito Mchangani miaka.

Shoga sponji iache. Inashika joto, na harufu ya sponji mpya inapigana na viungo vyako, mteja ananusa kiwanda. Sufi ndio mto wetu wa asili, mwepesi, haunywi maji (zamani walikuwa wanajazia maboya ya kuogelea kwa sababu hiyo), na wageni wanapenda ukiwaambia umetoka kwenye mti. Ubaya wake mmoja unashika moto haraka, kwa hiyo mwambie mwenye duka asiweke karibu na mishumaa yake ile ya kunukia.

Kupata: Mwanakwerekwe wakati mwingine wanauza kwenye mafurushi, lakini nyingi ina mbegu na vumbi, uulize kabla hujalipa. Mie nachukua shamba kwa watu wenye misufi, maganda yakipasuka yenyewe. Kuchambua mbegu usikae kutoa moja moja utazeeka. Chukua ndoo ndefu au pipa dogo, tia sufi nusu, chukua kijiti chenye matawi mafupi pembeni ukizungushe baina ya viganja kama unapekecha mchuzi, sufi inapanda juu mbegu zinadondoka chini zenyewe. Fanya nje, upepo usiwepo, na jifunge mtandio puani na mdomoni, sufi ikiingia kifuani utakohoa mpaka wajukuu waje. Mbegu zikibaki ndani ya mto panya wanazinusa, huo ndo mwisho wa foronya yako.

Halafu sikiliza hii, watu wengi hawaijui: usichanganye majani na sufi. Majani yanachoma kupitia kitambaa, yanakuwa unga, unga unashuka pembeni, mto unabaki na bonge. Shona mto wa ndani wa sufi peke yake kwa marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa (ifue kwanza itoke wanga, isipofuliwa itakuja kujikunja ikiwa na sufi ndani), halafu shona kijifuko cha bafta au melimeli, vitambaa vyepesi vya pamba, upana wa kiganja utie viungo, ukiingize katikati ya foronya upande wa chini, mwenye mto anakitoa. Mto unaanikwa juani, kijifuko kinabadilishwa. Na hapo biashara imeongezeka shoga, unauza vijifuko vya kujazia upya mbali.

Mshono kunja mara mbili, sufi inapenya kwenye tundu la sindano wallahi.

bintMfenesini:
Subhanallah mie nilikuwa nachanganya yote pamoja kama pilau. Ahsanteni sana mzee wangu na shoga. Sasa chumvi na ule mzizi je? Na mrehani wa kupikia si unafaa kwenye mto?

bi_ukindu:
Chumvi usitie bibie!! Hizo video ni za watu wenye baridi na hewa kavu. Chumvi hapa kwetu ukiiacha wazi kwenye kibakuli asubuhi unaikuta imerowa, inavuta maji hewani, sasa wewe unaifungia na majani unategemea nini, ndio huo ukungu wako. Mzizi wa airisi kazi yake ni kushika harufu isikimbie, sisi tuna ubani na tuna sandali zinafanya kazi hiyohiyo. Ubani upondeponde uwe vipande kama punje za mchele, sandali chukua zile chembe za mbao, kijiko kimoja kwa kila vijiko vitano au sita vya viungo, changanya, funga kwenye chupa kavu wiki mbili ikae gizani kabla hujajaza. Usijaze siku ileile, harufu zinakuwa kila moja inasema lake.

NB udi wetu ule wa kupika usitie, una sukari. Utalia ndani ya kifuko na sisimizi watakuja kutoka Bububu.

Mrehani unafaa, na mchaichai, na kivumbasi, hicho kivumbasi mbu hawakipendi kwa hiyo mwambie mgeni aweke kitandani. Mie mto naupendelea hivi: mchaichai mwingi uliokatwa vipande vya urefu wa ukucha, mrehani nusu yake, maua ya mawaridi makavu kidogo (haya yanashika harufu kuliko asmini, na rangi nzuri), majani ya mdalasini yaliyofikichwa, na karafuu zisizidi tano sita. Kifuko cha kabati tofauti kabisa: karafuu, gome la mdalasini lililovunjwa, ganda la chungwa kavu, majani ya mkarafuu yale yanayoanguka yenyewe, ubani. Huko ukali unatakiwa, mende wasikae.

Vyote viache vizima au vivunje tu, usisage. Unga unapita kwenye melimeli unatia doa la njano kwenye kanzu ya mtu, na pia ukisaga mafuta yanaisha mapema. Kifuko kikipungua harufu mwenye nacho anakiminya kwa mkono, vinavunjika ndani harufu inarudi.

MzeeMakonyo:
@bi_ukindu hapo kwenye udi wa kupika umenikumbusha mbali 😀 Na viungo kabla ya kujaza viwekwe kwenye friza wiki moja, ndani ya mfuko uliofungwa, vidudu na mayai yake vinakufa. Iliki khasa, na maua ya mawaridi. Ukitoa usiufungue mfuko mpaka baridi iishe ulingane na joto la nyumba, la sivyo unarowa.

kijana_wa_Gombani:
Kwani si rahisi adondoshe mafuta ya karafuu yale ya chupa? Tone mbili tatu kila kifuko, hamna kuanika hamna jamvi. Mafuta yapo mengi tu huku Pemba

fundi_foronya:
@kijana_wa_Gombani mafuta kwenye kitambaa yanaacha duara la kahawia halitoki hata kwa jiki. Na mtu akilalia shavu juu yake ngozi inamuwasha. Akitaka mafuta ayadondoshee kwenye makonyo au vipande vya sandali ndani ya chupa, afunge, akichanganya kila siku, mpaka yakauke yaingie ndani ya mti, halafu ndo vijazwe. Lakini mie binafsi kifuko cha mafuta nakijua nkinusa tu, kinapiga puani mara moja kisha kimya.

kijana_wa_Gombani:
Haya mama yameisha

bi_ukindu:
Na nje ya vifuko bibie usikimbilie organza zile za maua ya plastiki. Mie nasuka ukindu, yale makuti ya mkindu, nafanya ukili (msuko wake) mwembamba, naushona uwe kama kipochi cha kidole na nusu, ndani kijifuko cha bafta chenye viungo, mdomo unafungwa kwa kitanzi cha ukili huohuo kinatundikwa kwenye ufunguo wa kabati. Rangi natumia manjano na mzingefuri (zile mbegu za rangi nyekundu), nachemsha ukindu mumo humo. Mwambie tu mwenye duka asivitundike dirishani, rangi ya manjano jua linaila.

Kwa mito kanga inapendeza. Lakini ukate kwa akili, jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa, likae zima juu ya mto si likatwe neno nusu upande huu nusu upande ule, nimeona huko Nungwi mto umeandikwa kipande cha maneno ukikisoma unacheka peke yako. Na uchague jina. Wageni wanauliza maana yake, sasa umemshonea bi harusi mto wenye kijembe cha mke mwenza utamwambia nini 😂

bintMfenesini:
😂😂😂 bi_ukindu umenimaliza. Mie nataka kuandika kikaratasi, "mto huu unatibu kukosa usingizi, presha na kipandauso", mwenye duka anasema ndio vinavyouza. Mnaonaje?

nesi_mstaafu:
Usiandike dada. Nilikuwa nasoma tu lakini hapa nimelazimika kuandika. Ukishasema unatibu ugonjwa umeshakuwa muuza dawa na ZFDA, wakala wa chakula na dawa Zanzibar, wanahusika na wewe, wataitaka hiyo dawa yako isajiliwe. Tena si kweli, presha haitibiwi na mto, kuna mtu ataacha vidonge vyake. Andika "unanukia vizuri" na orodha ya vilivyomo, imekwisha. Orodha ni muhimu kwa sababu wapo watu wenye pumu na wenye aleji, wasome kabla hawajalaza kichwa.

Na andika usipewe mtoto mchanga. Mtoto chini ya mwaka mmoja halazwi kwenye mto wowote, wa sufi wala wa dhahabu, anaweza kuzibwa pumzi. Na uzi wa kijifuko ukatike fupi, vitanzi virefu viwe mbali na watoto, na karafuu wakizipata wanazitia mdomoni.

bintMfenesini:
Sawa nesi, nimefuta kabisa hiyo ya presha. Nitaandika vilivyomo, "si kwa watoto wachanga", na "anika mto juani, kijifuko badilisha kikichoka". Mwenye duka akinuna anune.

La mwisho jamani kabla sijawachosha: mgeni akichukua vifuko kwenye begi uwanja wa ndege hawatamsumbua? Na bei niweke vipi, maana yeye kanambia elfu mbili kimoja na mie nkihesabu bafta, ubani na kazi ya mkono naona nafanya kazi ya sadaka.

fundi_foronya:
Viungo vidogo vya zawadi wageni wanabeba kila siku kutoka mashambani, huku kwetu hakuna tabu. Huko wanakofika ndo kuna nchi kali kwa mbegu na majani, Australia na Nyuzilandi lazima waseme kwenye fomu yao, kwa hiyo ile orodha ya nesi itawasaidia na hapo. Usitie mbegu zinazoota, na ukindu uwe mkavu usiwe na kidudu.

Bei elfu mbili asikuchezee, huyo atakiuza mara nne. Hesabu kitambaa, uzi, viungo, ubani, nauli ya Mfenesini mpaka mjini, halafu jilipe saa zako kama unavyomlipa msichana wa kukusaidia, ukipata jumla ongeza nusu yake juu. Foronya ya kanga peke yake usiiuze chini ya gharama ya kanga uliyoikata, gora moja linatoa ngapi unajua mwenyewe. Kama hataki mpe vya ganda la chungwa na makonyo kwa bei hiyo, vya mawaridi na sandali bei yake nyingine. Na chukua arbuni nusu kabla hujakata kitambaa.

bi_ukindu:
Arbuni!! Mkono wa mwenye duka ni mzito kutoa, mwepesi kupokea. Bibie ukitaka vipochi vya ukindu nitumie ujumbe, nasuka na wenzangu, utuambie mapema maana ukindu tunauloweka na kuuanika na sasa mvua za vuli zimeshaanza kutuchezea.

bintMfenesini:
Nakutumia sasa hivi. Na mzee wangu Makonyo, ndoo ya kifuniko ya kuhifadhia, ile ya plastiki ya rangi inafaa au harufu itaingia plastiki?

MzeeMakonyo:
Itaingia, na haitoki, hata mchele ukija kutia humo utanukia karafuu. Tafuta madebe ya bati ya mafuta ya kupikia, uyaoshe kwa sabuni na ndimu, uyakaushe juani mpaka yaunguze mkono, ndo utie. Karafuu debe lake, mdalasini debe lake, mchaichai debe lake, usichanganye mpaka siku ya kujaza chupa. Na andika juu ya debe mwezi uliokausha.